Kabla hujalipia MP3 ya kurekodi, bonyeza REC kwanza

Ukiingia duka la elektroniki ukaulizia MP3 inayorekodi, utawekewa mezani vifaa vinne au vitano vinavyofanana, na kila boksi limeandikwa REC. Vyote vitakupigia muziki vizuri tu. Kufungua faili ya MP3 na kuitoa kwenye hedfoni ni kazi ambayo chipu ya bei ya chini kabisa inaimudu siku hizi. Kurekodi ni habari nyingine. Hapo maiki, namna faili inavyohifadhiwa, vitufe na betri vyote vinatakiwa viwe sawa kwa wakati mmoja, na kimoja kikilegea unarudi nyumbani na kelele badala ya maneno. Ndiyo maana nasema: chagua kwa kinasa. Muziki utakuwemo.

Kuna aina mbili za vifaa hivi na wauzaji wengi hawazitenganishi. Ya kwanza ni kicheza muziki kilichoongezewa kinasa: skrini ya rangi, Bluetooth, michezo miwili mitatu, na tundu dogo la maiki pembeni. Ya pili ni kinasa sauti kilichoongezewa muziki: skrini ndogo isiyo na rangi, kitufe cha REC kinachoonekana hata usiku, na maiki mbili juu kabisa. Mfano wa aina hii ya pili ni Sony ICD-PX470 na ICD-UX570. Zote mbili zina GB 4 ndani, nafasi ya microSD, na plagi ya USB inayochomoza kwenye mwili wa kifaa chenyewe, kwa hiyo huhitaji waya kuhamisha faili. PX470 inatumia betri mbili za AAA. UX570 ina betri ya ndani ya kuchaji, na kwa mujibu wa Sony, dakika 3 za chaji zinatosha kurekodi kwa takriban saa 1. Zote mbili zinapiga nyimbo za MP3.

Kama unarekodi mara mojamoja, kwa mfano wazo la wimbo lililokujia ndani ya daladala au orodha ya vitu vya kununua, aina ya kwanza inatosha. Lakini kama wewe ni mwandishi wa habari, katibu wa vikao, mwanafunzi wa chuo, mwanakwaya, mtu wa kurekodi darsa msikitini au anayekusanya historia kutoka kwa wazee, nunua aina ya pili hata ikibidi usubiri mwezi mmoja zaidi ukijazia fedha. Muziki unaweza kuupata tena kesho. Maneno ya mzee wa miaka 90 huyapati mara mbili.

Na usinunue kwa jina la ukoo. Sansa Clip+ ya mwaka 2009 na Clip Zip ya 2011, zote za SanDisk, zilikuwa na maiki ndani. Clip Jam, iliyokuja baadaye kwa umbo linalokaribiana, haina kinasa. Kwa upande wa iPod nano, inayozunguka bado kwenye soko la vitu vilivyotumika, toleo la 4 la mwaka 2008 linarekodi ukichomeka tu hedfoni zenye maiki. Toleo la 5 la 2009 lina maiki yake. Toleo la 6 la 2010 likarudi kutegemea maiki ya nje. Apple iliacha kutengeneza iPod mwaka 2022, kwa hiyo utakayoipata leo ina betri iliyozeeka. Uliza namba kamili ya modeli, si jina la familia.

Jaribio la dukani

Nenda na hedfoni zako za waya na, ukiweza, laptop au simu yenye adapta ya OTG, ile ya kuchomeka USB kwenye simu. Mwambie muuzaji, "Kaka, naomba ukiwashe nijaribu kurekodi kidogo." Akikataa, hamia duka la jirani; Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi maduka hayajapungua.

Bonyeza REC na papo hapo anza kuhesabu: moja, mbili, tatu, hadi kumi. Ukisikiliza ukakuta rekodi inaanzia "tatu", kifaa kinachelewa kuamka, na neno la kwanza la kila rekodi yako litakuwa linapotea. Baada ya hapo kiweke kaunta, rudi nyuma hatua moja, taja namba ya simu kwa sauti ya kawaida. Rudi hadi mita 3, itaje tena. Nyamaza sekunde 10. Mwisho kishike mkononi ukigeuzegeuze huku unaongea.

Sikiliza kwa hedfoni, kwa sababu spika ndogo ya kifaa inaficha makosa yote. Kwenye zile sekunde 10 za kimya utasikia "ssss" ya maiki. Kila kifaa kinayo. Swali ni kama sauti yako ya mita 3 inaelea juu yake au imezama ndani. Ukisikia mlio mwembamba usiokatika, au "tik, tik, tik" inayorudi kila baada ya muda uleule, ni umeme wa skrini au wa memori unaovuja kuingia kwenye maiki. Hilo halina mpangilio wa kulizima, kirudishe. Kelele za kukishika mkononi nazo zipime: plastiki nyepesi inayolialia itakuharibia kila mahojiano ya kusimama.

Ukiwa na laptop, rekodi dakika moja kamili, chomeka kifaa, tafuta folda iliyoandikwa RECORD au VOICE, kisha linganisha ukubwa wa faili na kile boksi linachodai. MP3 ya 128 kbps (kilobiti kwa sekunde) inatoa karibu MB 1 kwa dakika. WAV kamili, yaani isiyobanwa, ya chaneli mbili na sampuli 44,100 (mara ambazo kinasa kinaipima sauti kwa sekunde), inatoa MB 10.6. Kikidai WAV ya kiwango cha juu halafu dakika nzima ina KB 240, sauti imebanwa kwa ADPCM, biti 4 kwa sampuli 8,000 kwa sekunde. Jina ni WAV, ubora ni wa simu ya mezani.

Mwenye programu ya Audacity afungue faili hiyo na kubadili mwonekano kuwa spektrogramu, picha inayoweka sauti nene chini na nyembamba juu. Rekodi ya kweli ya sampuli 44,100 inaonyesha rangi zinazopanda hadi juu. Ukiona zimekatika sawia kwenye hezi 4,000 (mitetemo kwa sekunde), na juu yake ni kiza kitupu, kifaa kimerekodi kwa kiwango cha chini kisha kikaivimbisha faili. Stereo ya uongo nayo inajulikana hapohapo: tenganisha chaneli mbili, igeuze moja kichwa chini, zichanganye kuwa moja. Zikifutana ukabaki na kimya, kulikuwa na maiki moja tu iliyonakiliwa mara mbili. Si dhambi kwa kazi ya maongezi, ila usilipie maiki mbili.

Namba zilizoandikwa kwenye boksi

Inayopendwa sana ni 1536 kbps, kwa herufi kubwa. Ni hesabu tu: sampuli 48,000 kwa sekunde, mara biti 16, mara chaneli 2, unapata biti 1,536,000. Inaeleza ukubwa wa ndoo, haisemi kitu kuhusu maji yaliyomo. Maiki mbovu iliyorekodiwa kwa 1536 ni ubovu uliohifadhiwa kwa uaminifu.

Namba ya kuijali ni ya sampuli. Kinasa hushika sauti hadi nusu ya sampuli zake, kwa hiyo chenye sampuli 8,000 hakishiki chochote kinachozidi hezi 4,000. Simu za kawaida hupitisha kati ya hezi 300 na 3,400 na bado tunaelewana, lakini nguvu kubwa ya s, th na f iko juu ya hapo. Ukija kuandika mazungumzo utakwama mahali pa ajabu: mzee alisema thamani au samani? Sampuli 16,000 zinatosha kwa maongezi. Kwa kwaya, taarabu au ngoma, panda hadi 44,100.

Kwa maneno matupu mimi napendekeza MP3 ya 128 kbps. Inakula MB 57.6 kwa saa, na GB 4 za PX470 zinabeba takriban saa 59, kwa kuwa sehemu ya nafasi inachukuliwa na mfumo wa kifaa. Ukishuka hadi 64 kbps unapata muda mara mbili, lakini rekodi yenye watu watatu wanaoingiliana inaanza kuwa na ukungu, na sioni sababu ya kujinyima wakati kadi ya GB 16 si ghali. WAV ya 44,100 ya chaneli mbili inakula MB 635 kwa saa. Itumie pale utakapohariri baadaye: wimbo, tangazo, kipindi cha redio. Kumbuka pia kwamba kadi iliyofomatiwa FAT32, mpangilio wa kuhifadhi mafaili, haikubali faili moja kuzidi GB 4, yaani WAV ya namna hiyo inafika kikomo karibu na saa 6 na dakika 45. Vifaa vizuri vinafungua faili mpya vyenyewe na kuendelea. Vibovu vinanyamaza kimya kimya, nawe unadhani bado vinarekodi.

Vitufe

Hesabu mara ngapi unabonyeza kutoka kifaa kikiwa kimezimwa hadi kinaporekodi. Kwa kinasa halisi ni mara moja au mbili. Kwa vicheza muziki vingi ni safari: kuwasha, kusubiri nembo ipite, menyu, shuka hadi Record, ingia, anza. Ukifika huko kiongozi wa kikao ameshasema jambo la maana.

Kuhifadhi ndiko kunakopoteza rekodi nyingi zaidi. Baadhi ya vifaa ukibonyeza kusimamisha vinauliza "Save? Yes/No", na mshale umesimama kwenye No, au ukikaa bila kujibu skrini inazima. Kipendelee kile kinachohifadhi chenyewe mara tu unaposimamisha. Jaribu pia kukizima makusudi kikiwa kinarekodi, ukiwa bado dukani, uone kama faili ipo ukikiwasha. Jaribio hilo dogo linakupa picha ya siku betri itakapokatika.

Swichi ya HOLD, inayofunga vitufe, ni ya lazima kwa yeyote atakayeweka kifaa mfukoni. Vitufe vya kugusa, visivyobonyea, navikataa kabisa kwa kinasa; kidole chenye jasho au pindo la kanzu vinatosha kusimamisha rekodi. Taa nyekundu iwepo, na iwe inazimika kwenye mipangilio kwa wanaorekodi gizani.

Betri na chaja

Betri ya ndani ya kicheza muziki kidogo ni ya lithiamu, nyembamba, na baada ya miaka michache inashikilia nusu ya alichokuahidi muuzaji. Ikivimba skrini inaanza kuinuka. Acha kuichaji siku hiyohiyo. Kwa anayefanya kazi mijini, ndani ya jengo lenye umeme, hilo linavumilika. Kwa anayeenda vijijini kurekodi siku tatu mfululizo, AAA zina faida isiyopingika: zinapatikana dukani kwa mangi, unabadilisha kwa nusu dakika, unaendelea. Za kuchaji za NiMH zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo nenda kwenye mipangilio uchague aina ya betri kama chaguo lipo. Usipofanya hivyo alama ya betri itakudanganya.

Kuna kasoro moja inayosumbua watu wengi bila kujua chanzo chake. Vifaa vya bei rahisi vyenye tundu la USB-C mara nyingi vimeachwa bila zile rezista mbili za kilo-ohm 5.1 zinazoijulisha chaja kwamba kuna kifaa cha kupewa umeme. Ukitumia waya wa C kwa C, chaja haitoi umeme kabisa na kifaa kinaonekana kimekufa. Tumia waya wa zamani, upande mmoja USB ya kawaida na mwingine C, na kitachaji. Muuzaji akikupa waya wake ndani ya boksi, usiutupe.

Memori kadi

Kifaa kikisema kinakubali hadi GB 32, maana yake kimetengenezwa kwa microSDHC na FAT32. Kadi ya GB 64 inakuja ikiwa na exFAT, mpangilio mwingine, na huenda kikasema hakuna kadi. Wakati mwingine kuifomati upya kuwa FAT32 kunasaidia, lakini kwa rekodi za kazi sipendi kubahatisha. Kadi ya GB 16 au 32 inatosha kabisa.

Kadi bandia ni hatari kubwa kuliko kadi ndogo. Imeandikwa GB 64, ndani ina GB 8, na mfumo wake umerekebishwa ili ikudanganye. Inarekodi vizuri hadi GB 8 zijae, halafu inaandika juu ya faili za mwanzo au inaandika hewani. Ukiinunua, ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows, au F3 kwenye Linux na Mac, kabla hujaiamini hata dakika moja. Kisha ifomati ndani ya kinasa chenyewe, si kwenye kompyuta, ili kitengeneze folda zake kinavyotaka.

Maiki ya nje

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tundu la maiki kwenye vinasa vingi linataka plagi ya milimita 3.5 yenye mistari miwili, yaani TRS, na linatoa umeme kidogo wa kulisha maiki. Maiki ndogo za kubana kwenye shati zinazouzwa kwa ajili ya simu zina plagi ya mistari mitatu, TRRS. Ukiichomeka hiyo kwenye kinasa utapata kimya au mlio dhaifu, na si kwamba maiki ni mbovu. Inahitaji adapta ya TRRS kwenda TRS inayouzwa kando. Na vicheza muziki vingi vina tundu moja tu, la hedfoni, lisiloingiza sauti kabisa. Usikubali maelezo ya "itafanya kazi tu". Chomeka, rekodi, kisha ikune maiki ya nje kwa kucha. Usiposikia mkwaruzo mkubwa kwenye rekodi, kifaa bado kinatumia maiki yake ya ndani.

Mwenye kurekodi kutoka kwenye miksa ya kanisa au ukumbi aulize kuhusu LINE IN, tundu la kupokea sauti yenye nguvu kutoka kifaa kingine. Sauti inayotoka kwenye miksa ina nguvu ya mamia ya milivolti, na tundu la maiki linategemea chache tu. Ukiunganisha moja kwa moja kila kitu kitapasuka, hata ukishusha unyeti wa maiki hadi mwisho. Kama kifaa hakina LINE IN, tafuta waya wenye kipunguza nguvu ndani yake.

Usihesabu Bluetooth kama njia ya kurekodi. Muziki hutumwa kwenye hedfoni kwa A2DP, na njia hiyo haibebi sauti ya maiki kurudi. Maiki ya hedfoni zako zisizo na waya itafanya kazi kwenye simu lakini si kwenye MP3.

Namna ya kukitumia kipate sauti

Mipangilio ya kiwandani huwa imewashwa AGC, mfumo unaopandisha sauti ndogo na kushusha kubwa wenyewe. Kwenye kikao inasaidia, maana anayenong'ona kona ya mbali anasikika. Kwenye muziki inaharibu: ngoma ikipigwa, waimbaji wanazama kwa nusu sekunde kisha wanaibuka tena, mstari ukiisha, kimya kinajaa "ssss". Kwa kwaya au taarabu zima AGC, chagua unyeti wa Low au hali ya muziki, waombe waimbe sehemu yao ya juu zaidi, halafu rekebisha mpaka kipimo kiguse karibu na -12 dB. Sauti iliyorekodiwa ndogo unaweza kuipandisha baadaye. Iliyopasuka haitengenezeki.

VOR, ile inayorekodi mtu anapoongea tu na kusimama akinyamaza, izime. Inakata silabi ya kwanza baada ya kila kimya, na inafuta urefu wa vituo, ambavyo kwenye mahojiano vina maana yake.

Umbali una uzito kuliko bei. Kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti ya mzungumzaji inashuka kwa takriban dB 6, na mvumo wa chumba unabaki palepale. Weka kinasa sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, pembeni kidogo badala ya mbele kabisa, ili pumzi za p na b zipite kando. Juu ya meza, kikalishe kwenye khanga iliyokunjwa mara nne. Bila hivyo kila kikombe kinachotuliwa na kila kiwiko kinachogusa mbao kitasikika kama mlango unabamizwa. Pangaboi likiwa juu yenu, ama mlizime, ama uwashe kichujio cha sauti za chini kinachoandikwa Low Cut. Simu zote ziwe umbali wa mita moja au zaidi: simu inayotumia 2G inatoa mapigo ya redio mara 217 kwa sekunde, na waya wa maiki unayapokea kama "tatata-tatata" isiyofutika.

Redio FM, kama kifaa kinayo, inatumia waya wa hedfoni kama antena. Chomeka hedfoni za waya hata kama hutazisikiliza. Na kabla hujanunua kwa ajili ya kurekodi vipindi, hakikisha kuna kurekodi redio yenyewe ndani ya menyu ya FM. Vifaa vingine vina kinasa na vina redio, lakini havikutani.

Upande wa muziki, kwa ufupi

Angalia vitu vitatu: kinakumbuka ulipoishia kwenye faili ndefu, kina kurudia A hadi B, yaani kipande ulichokichagua, na kinaweza kupunguza kasi bila kubadili sauti. Kwa anayehifadhi Kurani, anayejifunza mstari wake wa besi, au anayeandika mahojiano neno kwa neno, hivi ni vya thamani kuliko skrini ya rangi. Majina ya Kiarabu kwenye nyimbo hutokea kama viboksi kwenye vifaa vya bei rahisi. Jaribu na faili yako moja kama kasida na mawaidha ndiyo utakayoyasikiliza.

Vicheza vingi vya hali ya chini hupanga nyimbo kwa mfuatano ulivyozinakili, si kwa herufi. Zipe majina yanayoanza na 001, 002, 003, na uzinakili kwa mfuatano huohuo, moja baada ya nyingine.

Sauti za WhatsApp hazitapiga. Zimehifadhiwa kwa Opus, aina nyingine ya faili ya sauti, na MP3 nyingi haziifahamu. Zibadilishe kwanza kuwa MP3 kwenye kompyuta au simu. Upande wa pili ni rahisi zaidi: chomeka kinasa kwenye simu ya Android kwa adapta ya OTG, fungua folda ya RECORD kwenye programu ya mafaili, nakili rekodi, itume kama hati. Usichomoe kabla simu haijamaliza na hujabonyeza ondoa. Kuchomoa katikati ndiko kunakoharibu orodha ya mafaili ya kadi nzima.

Weka saa na tarehe siku ya kwanza. Kifaa kisicho na saa ya ndani kinaandika tarehe 1 Januari 1980, mwanzo wa kalenda ya FAT, kwenye kila faili, na majina yake ni REC001, REC002. Baada ya mikutano kumi hutajua ipi ni ipi. Kama saa haikai, anza kila rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na waliopo. Inachukua sekunde 5.

Na ikitokea betri imekatika katikati ya WAV, usifute ile faili inayosomeka dakika 0:00. Mara nyingi sauti ipo. Kilichokosekana ni urefu wake, ambao kifaa huuandika mwanzoni mwa faili pale tu unaposimamisha rekodi. Inakili kwanza kwenye kompyuta bila kurekodi kitu kingine juu ya kadi. Faili ikiwa na ukubwa wa megabaiti kadhaa, ifungue kwenye Audacity kupitia Import, kisha Raw Data. Chagua Signed 16-bit PCM, Little-endian, chaneli 1 au 2 kulingana na kifaa, sampuli ileile uliyoiweka, na kwenye nafasi ya Start offset andika 44, ambazo ndizo baiti za kichwa cha kawaida cha WAV. Sauti ikikimbia kwa kasi mara mbili, umechagua chaneli mbili wakati ilikuwa moja. Ikiwa ni makelele matupu kama ya redio isiyoshika stesheni, ongeza 1 kwenye 44 ujaribu tena. Ikifunguka sawasawa, ihifadhi kama WAV mpya, kisha uisikilize yote hadi mwisho kabla hujaigusa ile ya kwenye kadi.